Kwenda Tarakea Kabla ya Kuweka Kihamba Rehani

Niliondoka nyumbani Machame kwa sababu ya woga. Nasema mapema ili msidhani nilikwenda kutembea. Kwa miaka kadhaa nimekuwa dereva wa Canter ya mtu, nikishusha ndizi za akina mama wa kwetu hadi soko la Kiboriloni. Mwenye gari amezeeka na sasa anauza. Wakati huohuo kampuni moja ya malori mjini Moshi ikaanza kutafuta madereva wenye magari yao: unaleta lori lako, wanalipaka rangi yao, wanakupa mizigo, nawe unaendesha chini ya jina lao. Kila niliyemuuliza alisema ni bahati. Tatizo ni kwamba lori sina, na benki ingenikopesha tu kama ningeweka rehani kihamba chetu, shamba la migomba na kahawa ambalo babu alimwachia baba, na ambamo baba mwenyewe amezikwa, chini ya mti wa mringaringa.

Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya mama. Kwa hiyo kihamba ni changu, lakini mama yumo ndani yake. Nilipomweleza habari ya lori alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Alisema, "Sawa, baba. Fanya unavyoona." Hakuuliza swali hata moja. Mama huyu akinunua kiberiti huuliza maswali. Tangu siku ile usingizi ulinipotea.

Nikamtafuta Severini, Mrombo niliyezoeana naye Kiboriloni, ambaye tayari yuko kwenye mkataba huo na lori lake mwenyewe. Nilimwuliza kama inalipa. Akaniambia swali hilo halijibiwi sokoni. "Nina simenti ya kupeleka Tarakea. Kaa kiti cha pembeni, ujionee mwenyewe."

Asubuhi ya safari nilimkuta kwenye yadi ya kampuni, pembeni mwa mji, anakagua matairi kwa kuyagonga kwa nyundo. Malori yote yalikuwa ya rangi moja ya kijani, na sikuweza kulitambua lake mpaka aliponionyesha rozari iliyoning'inia kwenye kioo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekunywa chai? Huko mbele hatusimami."

Nilidhani anatania.

Tulipotoka Kiboriloni kuelekea Himo barabara ni tambarare, na kwa kipande hicho niliipenda kazi ile, siwafichi. Kiti kilikuwa kirefu, magari madogo yalitupisha, na Severini alinieleza mazuri yake bila kuyapunguza. Mzigo huutafuti, unapigiwa simu. Hubembelezi dalali. Dizeli unajaza kwenye vituo vyao na kukatwa baadaye. Wanawe wawili wamesoma kwa lori hilo. Nikaanza kuliona jina langu limeandikwa mlangoni, dogo, chini ya jina la kampuni, kama lilivyoandikwa lake.

"Sasa ubaya wake?" nikauliza.

"Tupande kwanza," akasema.

Kutoka Himo tulianza kupanda kwenda Marangu, halafu Mwika. Yeyote aliyepita njia hiyo anajua kwamba haipandi moja kwa moja. Inapanda, inakunja, inatumbukia kwenye bonde la mto, inavuka daraja na kupanda tena. Lori tupu halioni shida. Lori lenye simenti ni habari nyingine. Kwenye mteremko wa kwanza Severini aliweka gia nzito akagusa breki kidogo kidogo, nami nikatulia. Wa pili, vivyo hivyo. Baada ya hapo mabonde yakaanza kufuatana, na nikaisikia harufu.

Dereva haulizi ile ni harufu ya nini. Breki zilikuwa zinaungua. Mbele yetu barabara ilishuka na kukata kona, na kwenye kona kulikuwa na wanafunzi waliovaa sweta wanatembea pembezoni, wanacheka. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unakanyaga sakafu pasipo na pedali yoyote.

"Kaka, simama zipoe."

"Tutavuka."

"Severini, simama. Nakuomba."

Aliniangalia mara moja. Alikuwa anatokwa jasho, na kule juu kuna baridi. Hapo nilielewa kwamba hakuwa jasiri kuliko mimi. Aliogopa pia, ila kulikuwa na kitu kingine alichokiogopa zaidi. Tulizunguka ile kona polepole, wanafunzi wakatupungia mkono, na pale daraja lilipoisha akapata nafasi, akaegesha. Moshi ulikuwa unatoka magurudumu ya nyuma. Nilishuka nikakaa kwenye jiwe.

Hatujamaliza hata kupumua, simu yake ikaita. Kumbe ndani ya lori kuna kifaa kinachoionyesha ofisi kila mahali gari lilipo. Sauti ya upande wa pili ilikuwa ya kijana, yenye adabu kabisa. Gari limesimama kwa nini? Severini akasema breki zimepata moto. Yule kijana akasema pole sana, ila mteja anasubiri, na Severini akichelewa, jina lake litarudi mwisho wa foleni ya mizigo.

"Mwisho wa foleni ni nini?" niliuliza alipokata simu.

"Ni kukaa yadini. Unaweza kukaa mpaka matairi yakaota nyasi, na benki haikai." Alipiga teke gurudumu, si kwa hasira. "Ndugu yangu, gari hili likiharibika ni langu. Likipakia ni lao. Ukilijua hilo, umejua mkataba wote."

Nilitaka kumwomba radhi, maana mimi ndiye niliyemsimamisha. Akanizuia. Alisema peke yake asingesimama, na hilo lilinitisha kuliko harufu ya breki.

Tulifika Tarakea tumechelewa. Mwenye ghala hakugomba, alisaini tu akaandika saa. Vibarua waliposhusha simenti, Severini alikaa kwenye usukani anatazama mbele.

Mchana, tukiwa tunarudi, alipita kwake Useri. Hapo anaruhusiwa kusimama kidogo kwa chakula. Mkewe, Mama Prisca, alitupokea kwa mtori wa ndizi wa moto, akanitania kwamba Wamachame tunakula kwa kijiko kidogo ili tuonekane wastaarabu. Kichagga chao na chetu hakisikilizani vizuri, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili.

"Umekuja kutazama lori?" aliniuliza.

"Ndiyo, shemeji."

"Basi usitazame lori. Mwambie akupeleke nyuma."

Severini hakutaka kwenda. Aliweka bakuli chini, akanyanyuka hata hivyo. Nyuma ya nyumba migomba ilikuwa imetunzwa vizuri, na katikati yake ulikata mstari wa masale. Mnayajua masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda mpakani na makaburini, ambayo hakuna mtu wa mlima huu atakayethubutu kuyang'oa. Mipaka ya kwetu ina masale manene, ya zamani, yaliyopandwa na watu tusiowajua. Haya yalikuwa membamba, na udongo wa miguuni mwake bado ulikuwa mwepesi. Severini alinieleza kwamba mwaka mmoja mizigo ilikuwa haba na injini ikafa, yote kwa mpigo. Ili benki isichukue kihamba chote, alimuuzia jirani nusu. Alitaka kuuza nusu ya juu. Jirani akasema anataka ile ya chini, iliyo karibu na mfereji wa maji.

Ng'ambo ya masale niliona kaburi la saruji lenye msalaba mweupe.

"Ni mzee?" niliuliza.

"Ni baba."

"Unamtembelea?"

"Nabisha hodi kwanza. Jirani ni mtu mzuri, hajawahi kunikatalia." Akanyoosha jani moja la sale lililopinda. "Lakini nabisha hodi."

Tulisimama pale upande wetu. Kilichonitisha ni kwamba huyu alikuwa amefanya kila kitu sawasawa. Hanywi, hachezi kamari, breki zake anazifunga mwenyewe.

Alasiri tuliteremka kwenda Himo lori likiwa tupu. Kuanzia Mwika akina mama walikuwa wamepanga mikungu ya ndizi barabarani, wakatunyooshea mikono tuwabebee hadi Kiboriloni. Lile ndilo lililokuwa shibe yangu na Canter, kupakia njiani na kurudi na kitu. Severini aliwapungia tu. Rangi ya kijani haibebi mzigo wa mtu mwingine. Dizeli ya kurudi bure anailipa mwenyewe.

Kiboriloni tuliagana. Nilimwuliza tena lile swali langu la mwanzo, na safari hii alijibu. "Aliye na lori lililokwisha kulipiwa, aingie, hatajuta sana. Wewe huna lori. Wewe una mama."

Niliporudi Machame jua lilikuwa bado kwenye ncha za migomba. Njiani nilipanga maneno ya kumwambia mama, maana nilijua nitaonekana mwoga, na bado sina hakika kama mimi ni mwoga au ni mwangalifu. Pengine mwenzangu mwenye moyo mgumu angefanikiwa. Nilimkuta ameketi kizingitini. Nyuma yake, mlangoni mwa chumba chake, kulikuwa na begi lake la safari za jubilei ya kanisa, limejaa mpaka zipu imegoma, na juu yake blanketi limefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Unakwenda wapi, Mama?"

"Siendi popote," alisema. "Najizoesha tu."

Nikamwambia lori sichukui. Kihamba hakiendi kokote. Nitatafuta Canter nyingine ya mtu, niendelee na ndizi.

Hakunishukuru wala hakulia. Alinyanyuka akashika begi kwa mkono mmoja, likamshinda, akaniambia nilishike upande wa pili. Tuliliingiza chumbani, tukaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha sandukuni. Chini kabisa, ndani ya gazeti, palikuwa na chipukizi la sale, amelichimba na mizizi yake. Alikuwa amelitoa kwenye kaburi la baba.

"Hili," alisema, "ulirudishe leo, kabla halijanyauka."