Mkunga Chini ya Sinki

Kwa miaka thelathini na minne mkunga alikuwa akiwaambia wanawake watulie, wapumue, waache kelele kwa sababu hakuna jambo jipya linalotokea. Siku alipokwama chini ya sinki la gari lake mwenyewe, alipiga kelele ambazo hata yeye hakujua kuwa anazo.

Gari lenyewe lilikuwa ambulensi kuukuu, iliyostaafishwa mwaka mmoja na yeye. Aliichukua mnadani, seremala akaigeuza nyumba: vitanda viwili, meza ya kukunja, na sinki dogo lenye tangi na pampu ya umeme. Yeye na mdogo wake, mshonaji nguo, walitaka kuwazungukia ndugu wote ambao wao wenyewe waliwaahidi "tutakuja" kwa miaka mingi.

Asubuhi ya kuondoka, alikuta maji sakafuni, chini ya sinki. Dimbwi la ukubwa wa sahani.

"Tumwite fundi bomba," mdogo wake akasema.

"Fundi wa nini? Nimeshona watu huku wananipiga mateke. Bomba hili limelala tu."

"Watu hawana nati, Dada."

Mkunga akamtuma dukani kununua mkate wa safari, hasa kwa kuwa hakutaka shahidi. Kisha akavaa glavu. Ndiyo, glavu za hospitali; siku hizi akisimulia, hapo ndipo anapojifunika uso. Akalala chali, akaingiza kichwa na mabega kabatini, akamulika tochi, akaona kiungio cha plastiki kinang'aa kwa maji. Akakibana na spana, akakaza. Akakaza tena, kwa nguvu zile zile alizowakataza wanafunzi wake wasizitumie hata siku moja. Kiungio kikalia ka!

Maji yakamrukia puani. Akaziba ufa kwa kidole gumba, maji yakakoma, akajiona bingwa kwa muda wa dakika moja hivi. Ndipo akasikia pampu bado inanguruma. Swichi yake ilikuwa mbele, karibu na usukani, na kidole hakikuwa na ruhusa ya kuondoka. Na mdogo wake alikuwa dukani, na dukani kuna watu, na mdogo wake hajawahi kupita mbele ya watu bila kuwaachia habari zote za ukoo.

"Umewatuliza nusu ya mji," mkunga alijiambia. "Haya, jitulize."

Akajaribu kupumua kama alivyokuwa akifundisha. Haikusaidia hata chembe. Akawaonea aibu wanawake wote aliowaapia kwamba inasaidia.

Mdogo wake aliporudi, alikuta miguu miwili imechomoza kabatini.

"Zima pampu!" miguu ikapiga kelele. "Swichi, karibu na usukani!"

"Ipi? Ziko sita!"

"Nyekundu!"

Nyekundu ilikuwa ya king'ora. Hakuna aliyekumbuka kukitoa. Mtaa mzima ukatetemeka. Msusi akatoka mbio na mteja wake aliyesukwa upande mmoja, wapaka rangi wawili wakaja na brashi zinazodondosha, na makenika wa gereji ya pembeni akawapita wote.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Chini ya sinki," mdogo mtu akajibu, akilia.

Makenika akazima king'ora, akazima pampu, akachuchumaa. "Mama, achia sasa."

"Nani amehakikisha?"

"Mimi, Mama."

Akaachia kidole polepole, kama mtu anayemlaza mtoto kitandani. Wakamvuta nje, maji yakimchuruzika hadi kwenye soksi. Makenika akaingiza mkono kabatini, akaufuata unyevu ukutani, juu, juu zaidi, hadi kwenye kidirisha ambacho hakikufungwa vizuri. Mvua ya alfajiri ndiyo iliyoingia.

"Mama, bomba hili halikuwa na tatizo."

Watu wakainamisha vichwa kwa heshima.

"Kwa hiyo nimempasua mgonjwa mzima," mkunga akasema.

Mdogo wake alicheka mpaka akakaa kwenye maji na gauni lake la safari.

Makenika alileta kiungio kipya, akataka kukifunga mwenyewe. Mkunga akakataa. "Wewe nielekeze, mwanangu. Mikono itakuwa yangu." Akatoa kiungio kilichopasuka, akazungushia bomba tepu nyeupe ya kuzuia uvujaji, akaingiza kipya.

"Kaza kwa mkono. Ukihisi kimekaa, simama."

"Na nikitaka kuongeza kidogo?"

"Hasa ukitaka kuongeza."

Waliondoka mchana, nguo zikikauka madirishani. Njiani walisimama mara nne ili mkunga afungue kabati na kupapasa kiungio. Pakavu.

"Dada, kiache kipumzike," mdogo wake akasema mara ya nne.

Mkunga akafungua koki, akajaza birika, akaliinjika kwenye jiko dogo la gesi. Chai ilikuwa na ladha ya plastiki. Akanywa vikombe viwili bila kukunja uso, akamwongezea mdogo wake ambaye hakuwa ameomba.