Nyembe za marehemu baba nilizoziweka kwenye shokesi zimeniacha njia panda

Heshima kwenu wakuu.

Haya yametokea sebuleni kwangu, hapa Kasulu. Mke wangu yuko pembeni anasoma ninavyoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni fundi wa vioo na alumini. Marehemu baba alikuwa kinyozi sokoni Kibondo, wale wa zamani, wembe wa kukunja na mkanda wa ngozi wa kunolea. Alipofariki, mama akanikabidhi nyembe tisa zimeviringishwa kwenye kipande cha kitenge.

Nikaona siyo sawa zikae kwenye boksi chini ya kitanda. Nikatengeneza shokesi ndogo ya vioo, nikaitundika juu ya tivii ambako mtoto hafiki, nikaweka na kufuli.

Kwa mnaopenda vitu hivi, msirudie kosa langu. Mwanzo nilitandika sponji na kuziba kila upenyo kwa silikoni. Mvua zilipoanza, na unyevu wa huku milimani mnaujua, mbili zikashika kutu. Sasa sponji nimetoa, chini nimeacha upenyo, na kila mwezi nafuta kwa kitambaa kikavu halafu napaka tone la mafuta ya cherehani. Zinang'aa balaa.

Wageni walizisifia, na mimi nikawa najisikia.

Sasa kuna Mama Spesioza. Ni mtu mzima, anatoka Kitanga, anamletea mke wangu maharage ya kuuza gengeni. Siku zote anaishia uani. Siku hiyo mvua ikamkuta, mke wangu akamwingiza ndani, akampa chai.

Nikaona ameshika kikombe tu, hanywi, anaangalia juu ya tivii. Nikadhani anashangaa kama wengine, nikaanza kumweleza habari za baba.

Akanikatisha taratibu. "Baba Joeli, naomba unishushie ule wa tatu."

Ule wa tatu mpini wake umepasuka na umezungushiwa waya mwembamba wa shaba. Akaupokea, akapitisha kidole kwenye waya.

"Huu waya niliuzungusha mimi," akasema.

Wakuu, nilichanganyikiwa. Mke wangu ananiangalia kama nimeiba.

Akatueleza. Zamani alikuwa anaishi Kibondo na mume wake wa kwanza, wana mtoto mchanga. Siku moja yule bwana akaaga anakwenda sokoni, hakurudi. Wakamtafuta weee. Mwisho watu wakasema amevuka kwenda Burundi kwa mwanamke mwingine. Yeye hakuamini, mpaka alipoangalia pale wembe ulipokuwa unachomekwa, haupo. Akajua basi, mwanaume aliyeondoka na wembe wake amehama. Akamtoa moyoni. Binti akamkuza akimwambia baba yako alitutupa. Baadaye akaolewa Kitanga.

Sasa ananiuliza, baba yako aliupataje?

Sijui. Nikamwambia labda aliuziwa. Akatikisa kichwa kukubali, akauweka mezani, akaondoka na mvua bado inanyesha.

Siku mbili kazi haikwenda. Nikakata vioo viwili vibaya. Jumamosi nikapanda gari kwenda Kibondo kumuuliza mama.

Mama akasema baba alinunua wembe mmoja tu maisha yake yote, ule wa mpini mweusi. Hizo nyingine nane ni za watu walioleta kunolewa wasirudi kuzichukua. Kuziuza hakutaka kabisa. Alikuwa anasema mwenyewe akija atamjibu nini.

Kwa hiyo yule bwana sokoni alifika kweli. Aliacha wembe unolewe. Mtu anayemkimbia mke wake ananolesha wembe wa kuuacha? Au alibadili mawazo akiwa hukohuko? Au kuna kitu kilimpata? Nimewaza mpaka basi.

Nikafikiria kunyamaza. Mama Spesioza ana mume, ana maisha yake. Mke wangu akasema ukinyamaza hutaweza kumtazama usoni akija na maharage. Nikauchukua wembe, nikaenda Kitanga.

Nikamkuta shambani anapalilia na binti yake, yule aliyekuwa mchanga, sasa ana watoto wawili. Nikasema yote. Mama Spesioza akakaa chini palepale kwenye tuta. Alipoongea, hakuongea na mimi.

"Mwanangu, nilikudanganya bila kujua."

Binti akaniuliza, "Kwa hiyo alikuwa anarudi?"

Nikamwambia sijui. Ninachojua aliacha kitu cha kurudia. Akauchukua wembe, akaufunga kwenye pindo la kanga, akashika jembe akaendelea kupalilia.

Mpaka leo sielewi kama siku ile nilimrudishia baba yake au nilimpelekea msiba.

Nilichojifunza: kitu cha marehemu usikitundike ukutani kabla hujauliza kilitoka wapi. Nilikuwa nawaonyesha watu mali za watu nikijisifu ni za ukoo.

Zimebaki nane, wetu ni mmoja. Mke wangu anataka nizifungie kabatini, hataki mgeni mwingine apatwe na yale. Mama yangu anasema ziache palepale, wenye nazo waone. Nimeshazitoa mara mbili, mara mbili nimezirudisha.

Ungekuwa wewe mkuu ungefanyaje?

Na kama mzee wako aliwahi kuacha wembe kwa kinyozi wa sokoni Kibondo, niambie mpini wake ulikuwaje. Picha siweki mpaka uniambie.