Chaki Dhidi ya Kikokotoo

Mimi sibabaishwi na mtu, mji mzima unajua. Jumamosi nilibabaika. Nilikuwa nafunga spika darasani, kwenye mkutano wa chama cha walimu hapa Tabora, na afisa wa mfuko wa pensheni, kofia kichwani, kaja na kompyuta kueleza kikokotoo kipya cha pensheni.

“Hesabu yake ngumu kidogo, mama zangu,” akasema.

Mwalimu mmoja wa Itetemia, anayestaafu mwaka huu, akatoa chaki kwenye pochi, akasimama.

“Shikamoo, mwalimu,” afisa akamwamkia.

“Marahaba. Kaa.”

Akakokotoa mafao yake ubaoni, mstari kwa mstari, bila simu. Afisa akabonyeza kompyuta. Jibu lilelile!

“Uko sahihi, mwalimu.”

“Najua. Nyumba yangu imefika kwenye linta. Mkupuo wa kikokotoo cha zamani ungeipaua. Huu wenu unaishia kwenye mbao. Badala ya bati niezeke nini, kofia yako?”

Darasa likalipuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe hakucheka.

“Toa daftari. Nakili, upeleke Dodoma kama ilivyo.”

Afisa akainama, akanakili. Viongozi wa chama wakaweka chini mabango yao ya kupinga kikokotoo, nao wakanakili.

Mimi, niliyeikimbia shule darasa la sita kwa sababu ya hesabu, nikaazima kalamu.