Fungu la Zimwi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, wakati wa vita vya Mwingereza na Mjerumani, nyumbani kwetu Temeke tulikuwa tunalisha zimwi. Msicheke. Mama alishafariki, baba kachukuliwa vitani, tukabaki mie, mdogo wangu Shabani na Bibi, tukilala kitanda kimoja. Chakula kilikuwa mhogo, nao hautoshi.

Bibi akipakua alitoa mafungu matatu: langu, la Shabani, na dogo kuliko yote akalifunika kwa kawa. Yeye, alidai, keshakula jikoni.

"Hilo la zimwi. Huja nyie mkienda kisimani."

"Bibi, zimwi maana yake nini?"

"Mlaji. Maana yake ndiyo hiyo, hakuna nyingine. Likikosa mhogo litakula mtu. Msiguse!"

Tukirudi na maji tulikuta bakuli tupu.

Kisha Shabani akavimba miguu. Hata kulia akawa hawezi, anafumbua mdomo tu. Zimwi niliogopa, wallahi, lakini kumkosa Shabani niliogopa zaidi. Bibi alipokuwa anaswali adhuhuri nikainua kawa, nikamlisha. Bakuli nikalilamba mie. Nikangoja tuliwe. Hatukuliwa. Kesho yake nikaiba tena, na keshokutwa, na siku zote zilizofuata.

"Bibi, zimwi limekula?" niliuliza, mnafiki mkubwa mie.

Alinitazama sana. "Limekula, mjukuu wangu. Liache lile."

Haukupita mwezi, Bibi akaanguka shambani na jembe mkononi, asiinuke tena. Bi Mwanaidi, jirani aliyemwosha, alitoka ndani analia.

"Mbona mifupa mitupu? Aliniambia fungu lake analila nyie mkiwa kisimani! Mbele yenu hawezi, mkimtazama tu atawapa."

Shabani alipona. Leo naye ni babu.

Juzi mjukuu wangu alinisomea kitabuni kwamba watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya, huko kwenye theluji, majitu yao waliyaita jotun, na wataalamu wanadhani neno hilo limetokana na kula. Jitu ni mlaji.

"Kumbe hata wao!" akacheka.

Mie nilishindwa kucheka. Watu husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Uongo mtupu. Zimwi la bibi yangu lilimjua, lilimpenda, lililala naye kitanda kimoja, na lilimla likammaliza.