Kaburi Katikati ya Mihogo

Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, matembezi yetu ya vilima vya Mtabila, karibu na Kasulu, yaligeuka kuwa maombolezo. Mgeni wangu, mama wa Burundi aliyewahi kuishi katika kambi ya wakimbizi iliyokuwa huko, alikuwa amemkodi mkulima mmoja atutembeze.

"Mama, wageni wengine huuliza nyani," mkulima alimtania. "Wewe waniuliza makaburi!"

"Nilimzika mwanangu huku, baba. Mahali sipatambui tena."

Utani ukaisha. Akatupeleka shambani kwake. Katikati ya mihogo palikuwa na kipande kisicholimwa, chenye mawe.

"Niliyakuta, nikayazunguka kwa jembe. Kaburi halilimwi. Ila ni la nani, sijui."

Mama akatandika kanga yake chini. "Yoo! Basi nitamlilia huyu. Labda na wangu atapata wa kumlilia."

Mimi nilimzika mke wangu mwezi uliopita nyuma ya nyumba, nikamnung'unikia Mungu kwamba kila asubuhi naliona kaburi lake. Pale shambani nilipiga magoti, manung'uniko yakanikauka mdomoni.

Ee Bwana, huyo tuliyemlilia hatulijui jina lake. Wewe unalijua. Mpumzishe kwa amani, pamoja na mtoto wa mama huyu, na mke wangu. Amina.