Shilingi ya Kibirichia

Ukimpelekea Ruguru sarafu ya zamani, usianze kumwambia kwamba babu yako alipewa na Mzungu. Atakurudishia kabla hujamaliza. Alikuwa karani wa stoo katika shule moja ya Kanyakine; tangu astaafu, hukaa na lenzi yake nyuma ya duka la nguo la Abdikadir, Meru mjini, akitazama manyoya ya simba wa shilingi za kikoloni yamelika kiasi gani na tarehe inasomeka vipi. Ana mdomo mkali, lakini hajawahi kumdanganya mtu bei.

Alhamisi ile aliamka na wasiwasi. Wiki iliyotangulia, Oscar, mkulima wa karoti wa Kibirichia, alimletea shilingi aliyoichimbua shambani, nyeusi kama chai ya rangi, kila unywele wa simba umesimama. Abdikadir, ambaye hukusanya sarafu, alikuwa safarini Garissa. Alitumiwa picha, akaahidi laki tatu akirudi. Ruguru alimwonya Oscar asiifute hata kwa kitambaa, kwani ule weusi ndio ushahidi kwamba haijaguswa. Hapo Oscar akafungua moyo. Alikuwa ameweka hati ya shamba lake la juu rehani, na asipolipa kufikia Ijumaa ya wiki hii, mkopeshaji angechukua shamba hilo. Mkewe, Kagwiria, hakujua lolote.

Basi Oscar akaja na mkewe, aliyebaki mbele ya duka kuchagua sare za watoto. Oscar alitoa kitambaa mfukoni akitabasamu. Ruguru akasikia harufu ya ndimu kabla fundo halijafunguliwa.

Shilingi iling'aa. Chini ya lenzi, mikwaruzo ilikuwa imeujaa uso wa simba, manyoya yamefutika. Abdikadir, aliyekuwa amerudi kutoka Garissa, aliitazama mara moja, akairudisha mezani, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa angeweza kutoa elfu mbili tu. Oscar alishika ukingo wa meza.

"Nani ameosha hii?" Ruguru akauliza.

"Ni mimi, mama," Kagwiria akajibu kutoka mbele, akicheka. "Niliipata kwa koti yake asubuhi, imejaa matope. Nikasugua na jivu na ndimu, nikarudisha bila kumwambia. Kwetu hata karoti hatupeleki soko kabla ya kuosha kwa mto."

Ruguru alishikwa na hasira, na haikuwa juu ya Kagwiria. Kama huyu bwana angemwambia mkewe neno moja tu, shilingi ingekuwa bado nyeusi. Alimtazama Oscar, akimngoja aseme.

Kagwiria akaja na sare mkononi, akainama juu ya meza kuitazama kazi yake.

"Si imependeza?"

"Imependeza," Oscar akasema.

"Nimeita watu wanne wa kulima ile shamba ya juu kesho. Waje saa ngapi?"

Oscar alikikunja kile kitambaa.

"Waambie waje mapema."

Kagwiria akatoa simu, akaanza kuwapigia mmoja mmoja.