Nyumba Iliyotaka Moshi

Katika muda wa miezi miwili watu wasiopungua kumi waliniuliza swali moja, na kila mara jibu langu liliniharibia. Swali lenyewe ni fupi: "Muko wangapi?"

Tulikuwa wanane: mama, mimi binti yake mkubwa, dada yangu anayenifuata na mtoto wake wa kunyonya, wadogo wetu wawili wa kiume, na mapacha wa kike wa miaka saba. Lakini hatukuwa tukiishi pamoja. Baba alipofariki, mvua ya mwaka uliofuata iliangusha ukuta wa nyuma wa nyumba yetu ya Kabambare, na hapakuwa na mtu wa kufyatua matofali mapya. Mama alichukua mapacha akaenda Wamaza kwa nyanya. Dada yangu na mtoto walibaki Kabambare kwa mama mmoja wa kanisani. Wale wavulana wawili walipelekwa Kasongo kwa shangazi. Mimi nilikuwa chuoni, na nilipomaliza nikapata kazi ya kufundisha shule ya sekondari huko Nyangwe, kando ya mto Lualaba.

Mwezi wa saba shangazi alinipigia simu. Binti yake anarudi nyumbani na watoto, alisema, na chumba cha wavulana kinahitajika kabla ya shule kufunguliwa. Hakusema kwa ubaya. Ukoo ulikuwa umekwisha kupanga: mkubwa aende Kindu kwa baba mdogo, mdogo aende Wamaza kwa mama. Wavulana hao hawajawahi kulala nyumba tofauti tangu wazaliwe. Nikaanza kuwaza. Akienda Kindu atamalizia shule huko. Akimalizia shule atapata kazi huko, atapata mke huko, na mimi nitakuja kujulishwa kwa watoto wake kama mgeni. Kufika jioni nilikuwa nimekwisha kumwozesha, naye ana miaka kumi na minne.

Basi ilinibidi kupata nyumba ya watu wanane, ya kukaa miaka, kwa mshahara wa mwalimu mpya, kabla ya mwezi wa tisa.

Nilianzia Kasongo, nikifikiri kwamba mama na watoto wangekaa pale na mimi ningekuwa nakuja mwisho wa juma. Nilimchukua komisioneri, yaani mtu anayetembeza watu kwenye nyumba za kupanga na kulipwa kwa kazi hiyo. Alikuwa mwepesi wa miguu na kila nyumba aliiita nzuri sana kabla hatujaiona. Kwenye parseli ya kwanza, kiwanja chenye nyumba za wapangaji, mwenye nyumba alitusikiliza akiwa ameegemea mlango.

"Muko wangapi?"

"Wanane."

"Hiyo si familia, mwalimu. Ni darasa." Akageuka kumtazama komisioneri. "Choo changu kilichimbwa kwa watu wanne, na hao wanne wanakula kidogo."

Nyumba ya pili nilisema tuko saba. Ya tatu, sita. Kila nilipopunguza mtu nilijiuliza ni nani niliyemfuta, nikawa nachagua kichwani, na kichwa hicho hicho kikanishtaki. Mama mmoja alikubali watu sita, kisha akataka garanti, kodi ya kuweka rehani, ya miezi kumi kwa mkupuo, na tena tusipikie uani kwa sababu moshi unachafua ukuta wake uliopakwa rangi. Neno hilo la moshi nililiweka akilini kama mtu anayejiandaa kwa mtihani.

Nyangwe kwenyewe nyumba zilikuwa chache. Nilikuwa nimejibanza katika chumba cha mwalimu mwenzangu wa hesabu, dada mvumilivu ambaye kila asubuhi alisikiliza mahangaiko yangu akipiga mswaki. Siku moja alitema maji akaniambia, "Jaribu kisiwani. Kuna mama mmoja anahamia Kasongo kwa mume wake, miaka miwili au mitatu. Nyumba yake iko kubwa."

Kisiwa hicho nilikiona kila siku kutoka darasani, kipande kirefu cha kijani katikati ya mto, chenye michikichi na moshi. Sisi watu wa Kabambare maji tunayoyajua ni yale ya kuvuka kwa kupandisha suruali. Sikuwa nimefikiri kwamba pale watu wanapanga nyumba. Usiku huo niliandika maswali kwenye daftari, na asubuhi ya Jumatatu nikapanda mtumbwi.

Mpiga kasia alikuwa mzee kidogo kuliko baba yangu, kavaa kofia ya sufu kwenye jua lile.

"Papa, maji hapa yana kina gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nini?"

"Ya kumaliza mutu asiyekaa chini. Kaa."

Nikakaa. "Mamba wako?"

"Wako. Leo sijawaona, pengine nao wanatafuta nyumba."

Niliuliza wajawazito wanavuka vipi wakishikwa na uchungu saa za upepo, watoto wa shule wanavuka saa ngapi, na maiti wanazikwa wapi, huku au ng'ambo. Alijibu yote. La mwisho alilijibu baada ya kupiga kasia mara kadhaa: "Wewe unakuja kukaa ao unakuja kutuandika?"

Kisiwa chote ungeweza kukizunguka kwa miguu kabla ugali haujapoa. Hakukuwa na ua kati ya nyumba na nyumba. Nyavu zilianikwa juu ya miti, na mitumbwi ilifungwa kwa kamba kama mbuzi, kila kaya na wake. Mashamba yao ya mihogo yalikuwa ng'ambo, kwa hiyo mtu alipanda mtumbwi kwenda kulima kama sisi tunavyochukua njia ya miguu. Jambo lililonishangaza zaidi ni sauti. Kengele ya misioni na mwadhini wa Nyangwe vilifika pale juu ya maji, wazi kuliko nilivyovisikia nikiwa Nyangwe kwenyewe. Nilisimama nikisikiliza mpaka mbuzi akaanza kula kona ya daftari langu.

Mwenye nyumba alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mikono yake imekauka kwa chumvi na moto. Kazi yake ilikuwa kukausha samaki na kuwapeleka Kasongo.

"Ingia mbele, utaangalia, kisha tutasema," aliniambia.

Nyumba ilikuwa ya udongo, imeinuliwa juu ya kikuta cha mawe. Sebule, vyumba viwili vya kulala, na nyuma chumba cha moto, chenye mafiga matatu na uchaga wa miti ambako samaki walilala wakipigwa na moshi. Nilimwuliza maji ya mafuriko yanafika wapi. Akanionyesha jiwe la pili la ngazi. "Yanakuja hapa, yanasalimia, yanarudi." Nilipiga magoti nikatafuta alama ya maji ukutani, na yeye akanitazama bila kunizuia. Sikuiona alama yoyote.

Halafu nikainua macho. Paa lilikuwa la nyasi, halina dari, na lilikuwa jeusi, jeusi la kung'aa kama sufuria iliyopakwa mafuta. Masizi yalining'inia kama nyuzi. Nikamkumbuka yule mama wa Kasongo na ukuta wake, na nikajiona nimepata siri ya kumpendeza huyu.

"Muko wangapi?" akauliza.

"Watatu," nikasema. "Mimi, mama yangu na mdogo mmoja."

Hesabu yangu ilikuwa hii: tukishaingia watatu, wengine wangekuja mmoja mmoja, kama wageni wanaokuja kusalimia na kuchelewa kuondoka.

"Watatu tu?"

"Watatu tu. Na sisi ni watu wa utulivu. Hatupiki sana. Tutanunua jiko dogo la makaa, tupikie nje, moshi hautaingia nyumbani mwako hata kidogo. Na haya masizi nitayafagia yote, utakuta paa safi."

Nilimwona anatazama juu, kisha ananitazama mimi, kisha juu tena. Nikaongeza kwamba mara nyingi jioni mimi hunywa chai tu.

"Hapana, mwalimu," akasema taratibu. "Nyumba hii haitawafaa."

Alinifungia samaki mmoja katika jani la mgomba akanipa mkononi. Hiyo ilinitisha kuliko maneno, kwa maana mtu aliyekasirika unaweza kumbembeleza, lakini aliyekukatalia na kukupa samaki amekwisha kumaliza.

Nilipofika ufukoni mtumbwi ulikuwa umeondoka na abiria wengine, na ilinibidi kungoja. Kungoja si kitu kizuri kwa mtu kama mimi. Nilipitia kila kitu: viatu vyangu vya mjini, kupiga magoti ukutani, jina la Kabambare, umri wangu, kukosa mume. Kila sababu niliyoitafuta niliipata. Lakini hakuna hata moja iliyoeleza kwa nini alitazama paa. Jambo hilo lilinikera zaidi kuliko kukataliwa. Mtumbwi ulipoonekana unarudi, niligeuka nikapanda tena ile njia, samaki mkononi.

Nilimkuta anageuza samaki wake.

"Mama, samahani. Sikuja kukubembeleza. Nataka tu kujua. Uliona nini pale juu?"

Akacheka kidogo, kwa pua tu. "Njoo uone nyumba ya jirani."

Ilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Paa lake lilikuwa la kijivu, limebonyea katikati kama mgongo wa mbuzi mzee. Alichomoa unyasi mmoja akausugua kwa vidole, ukawa unga. Alieleza kwamba mwenye nyumba hiyo alimpangisha kijana mmoja mwuguzi, mtu mzuri, asiyekunywa pombe, ambaye alikula mikate na kuchemsha maji ya chai kwenye jiko dogo nje. Kwa misimu miwili ya mvua wadudu wakala paa lote. Vumbi likawa linamwangukia kitandani.

"Nyasi bila moshi ni chakula cha wadudu," akasema. "Nyumba inataka moto asubuhi, inataka moto jioni. Inataka watu wenye njaa. Sasa wewe umeniletea watu watatu, wa utulivu, wanaokunywa chai. Na masizi yangu unataka kufagia. Nimeyatafuta miaka kumi na mbili hayo."

"Mama, hatuko watatu."

"Ah?"

"Tuko wanane."

Alikung'uta ule unga vidoleni, akasema, "Saa ile mulikuwa watatu. Hawa watano wamezaliwa njiani?"

Nikamweleza yote, Wamaza, Kabambare, Kasongo, komisioneri, choo cha watu wanne. Alisikiliza bila kunisaidia. Mwishowe alisema, "Mutu anayeweza kuficha watu watano, anaweza kuficha hata kumi. Anaweza pia kuwa hana hata mmoja. Jumamosi ninaondoka. Walete, niwaone."

"Wote?"

"Wote. Kwa macho."

Niliwapigia simu kutoka Nyangwe, kila mmoja mahali alipo. Dada yangu ndiye aliyeuliza lile nililokuwa nikiliogopa: "Tunakuja kukaa ao tunakuja kuonyeshwa?"

"Sijui," nikamwambia. "Mubebe vitu vyote."

Siku nne hizo sikula vizuri. Shangazi alikwisha kukitoa chumba. Yule mama wa kanisani naye alikwisha kumuaga dada yangu na kumwombea. Kama mwenye nyumba angekataa, watu wanane wangesimama kwenye soko la Nyangwe na magodoro yao, na mimi ndiye niliyewang'oa walikokuwa.

Walifika Alhamisi na Ijumaa, kwa pikipiki, wekundu kwa vumbi. Mama alinishika uso akasema nimekonda, nami nikamwambia amekonda yeye. Ijumaa mchana tulivuka kwa safari mbili. Wavulana walikaa mbele kimya, mapacha walimshikilia mama pande zote mbili, na mpiga kasia aliwahesabu kwa kidole, kisha akaniambia, "Sasa nimefahamu yale maswali."

Mwenye nyumba alitupanga mbele ya nyumba, akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua samaki. Alimgusa mtoto wa dada yangu shavuni. Halafu aliniacha mimi kabisa akamgeukia mama.

"Yaya," akamwita, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa, "munapika mara ngapi kwa siku?"

Niliona mama anasitasita. Yeye hakujua habari za paa, kwa maana nilikuwa nimeogopa kumfundisha majibu nikaharibu tena. Alidhani anaulizwa juu ya umaskini wetu.

"Ikipatikana, mara mbili," akasema.

"Na isipopatikana?"

Mama alitazama chini. "Nawasha hivyo hivyo. Nachemsha maji, watoto waoge. Moto nyumbani kwangu hauzimwi, hata kama juu yake hakuna kitu."

Mwenye nyumba alichukua kuni mlangoni. Aliingia ndani, akamwita mama, na nikasikia kuni zinavunjwa. Baada ya muda moshi ulianza kutoka polepole kwenye nyasi, paa zima, kama kichwa cha mtu aliyetoka kuoga asubuhi ya baridi. Mapacha, waliokuwa wamemfuata mama ndani, walikohoa wakakimbilia nje. Hao wanawake wawili walibaki humo, na waliyoyasema sikuyasikia vizuri, isipokuwa kwamba walikuwa wanazungumza juu ya aina za kuni.

Alipotoka alitaja kodi yake. Haikufika nusu ya ile ya Kasongo, na garanti hakutaka. Alitaka moto mara mbili kwa siku, na kama siku moja tukishindwa kuwasha, tumwombe jirani makaa. "Wewe utasaini karatasi," aliniambia. "Ufunguo nimempa mama yako."

Asubuhi yake mwenye nyumba alivuka na vikapu vyake.

Siku hiyo ya Jumamosi nilikuwa narudi kutoka mtoni na ndoo ya maji nilipowasikia ndani wanagombana. Dada yangu alitaka mkeka wake uwe upande wa chumba cha moto kwa sababu ya mtoto. Mvulana mkubwa alisema pale alikwisha kuweka sanduku lake. Mdogo akasema lile sanduku ni lao wote wawili. Mama akawaambia wanyamaze, hawakunyamaza. Katika simu kwa miaka miwili hatukuwahi kugombana, maana muda wa simu ulikuwa unakwenda na kila mtu alisema yuko mzuri. Niliweka ndoo chini nikakaa kwenye jiwe la pili la ngazi, lile linalosalimiwa na mafuriko. Yule mkubwa alikuwa anapaza sauti kwamba yeye hatoki pale, hata waje askari.